Msumari wa Kazi za Kimya

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nianze kukujulia hali au nianze kuomba radhi? Najua habari zangu zimekufikia kwa midomo ya watu kabla hazijakufikia kwa mkono wangu, na najua umenuna. Mimi mzima, ukiacha usingizi, ambao sijui ulikokwenda. Baba kaniandikia mwezi uliopita mistari minne: mitatu ya salamu, wa nne ananiuliza nilikiweka wapi kisanduku chake cha misumeno miaka tisa iliyopita. Ndiye kaka yako, unamjua kuliko mimi. Paa lako bado linavuja pale juu ya kabati?

Basi ndiyo, nimepandishwa cheo. Mimi sasa ni kiongozi wa kikosi cha mafundi wa lifti: watu sita, majengo arobaini na mawili, na chumba kimoja chini ya ardhi chenye dirisha lililo sawasawa na barabara, kwa hiyo kutwa nzima naona viatu vya watu tu. Simu mbili mezani. Zote zinalia. Kila anayepiga anasema ni haraka. Meneja wetu ana mhuri mwekundu ulioandikwa HARAKA, na juzi aliugonga kwenye karatasi ya kutaka mlango wake upakwe rangi.

Nikueleze jana ilivyokuwa. Asubuhi tumefungua mtambo kwenye jengo la daktari wa meno, simu ikalia, hoteli wanapiga kelele, tukaacha tukakimbilia hoteli. Hatujashika bisibisi, benki wanapiga kelele kuliko hoteli. Tukaenda benki. Jioni nikahesabu: tumegusa kazi tisa, tuliyomaliza hakuna. Kuna fundi mmoja tunamwita Domo, utampenda, akaniambia, "Bosi, leo tumefanya kazi kama nzi. Tumetua kila mahali." Wote wakacheka. Mimi nilikwenda chooni nikalia, halafu nikanawa uso nikarudi.

Shangazi, wewe uliongoza chumba cha kufulia cha hospitali nzima, wanawake thelathini na mashine nne, na mimi nilikua nimekaa juu ya marundo ya shuka nikikuangalia. Sikumbuki kukuona ukikimbia hata siku moja. Nakumbuka misumari ukutani na karatasi zikining'inia. Ilikuwa ya nini ile? Niandikie upesi. Na tafadhali usinijibu kwamba haraka haraka haina baraka, hilo hata lifti zetu zinalijua.

Mwanao,
Chapuchapu

23 Februari

Chapuchapu mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjwa vibaya. Mtoto niliyemlea katikati ya shuka zilizonyooka anakunja karatasi kama anaficha ushahidi! Hata hivyo nimefurahi. Sikununa. Nilinuna siku mbili tu, ya tatu nikaenda kwa jirani yangu Mwalimu kumringia kwamba mwanangu ni mkubwa wa mafundi wanaume watupu. Mwalimu amestaafu lakini bado anasoma gazeti kwa sauti asubuhi kama mtaa wote ni darasa la nne, kwa hiyo sasa mtaa wote unajua cheo chako.

Paa linavuja. Paka amezaa tena, na tena ndani ya kabati. Baba yako mwambie kisanduku cha misumeno alikiuza mwenyewe.

Usinipigie simu. Ile uliyoniletea nimeifunga kabatini na paka. Namba zake ndogo kama mayai ya chawa, na mtu akipiga anataka jibu papo hapo. Barua ina adabu. Inangoja.

Sasa misumari. Ilikuwa minne. Wa kwanza ulikuwa wa damu: shuka za upasuaji na za wodi ya wazazi. Hizo zikichelewa mtu anadhurika leo. Wa pili ni kazi za kawaida za wodi, zinazotakiwa kesho au keshokutwa. Wa tatu tuliuita msumari wa wenye kelele. Makoti ya madaktari, mapazia ya ofisi ya mkubwa, vitambaa vya meza za wageni. Hao walisikika hadi barabarani, lakini pazia likichelewa hafi hata mbu. Nilizipokea karatasi zao kwa heshima zote, nikazitundika, na hazikuguswa mpaka baada ya chai ya saa nne. Debe tupu halikosi kuvuma, mwanangu, na wewe umekuwa unakimbilia madebe.

Msumari wa nne ulikuwa nyuma ya mlango, na ndio uliofanya nisikimbie. Ulikuwa wa kazi za kimya. Mkanda wa mashine umeanza kulegea. Bomba la maji moto lina ufa wa unywele. Mfereji unapitisha taratibu kuliko mwaka jana. Hakuna mtu atakayekuja kukugombeza kwa ajili ya hayo, kwa sababu mkanda hauna mdomo. Basi sheria yangu ilikuwa hii: kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la kupokelea, tunatoa karatasi moja kwenye msumari wa kimya na kuimaliza. Moja tu. Mganga mkuu mwenyewe alishawahi kusimama nje akigonga kioo na sisi tunazibua mfereji. Kazi ya kimya haibishi hodi. Siku ikija, inakuja na mlango mkononi.

La mwisho, dogo. Mwaka jana nilikwenda zahanati nibadilishiwe miwani, wakanipima macho, wakanipa karatasi ya kwenda hospitali kubwa huko kwenu. Wamesema nije na mtu wa kunishika mkono. Ni kijikazi cha nusu siku. Haiumi, kwa hiyo haina haraka. Ukipata nafasi.

Shangazi yako

27 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na wasalimie paka wote kwa idadi yao. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, cha ghorofa ya nne, na usicheke: jengo halina lifti.

Nimepigilia misumari! Minne, ukutani mwa karakana, tarehe kumi na mbili, na wa nne nyuma ya mlango kama ulivyosema. Nikawakusanya mafundi nikawaeleza, kila mmoja akaandika kazi zake kwenye karatasi. Domo akauliza kama mke wake anaweza kutundikwa msumari wa tatu. Wa kwanza kutundika karatasi kwenye msumari wa nne alikuwa Mpole. Ni fundi wetu mzee kuliko wote, ana miaka ishirini na miwili kazini na sijawahi kumsikia akiomba kitu mara mbili. Alitundika akarudi kukaa. Nilitaka kumuuliza ni ya nini, simu ikalia.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Wiki ya pili imekuwa balaa. Meneja ameshuka na mhuri wake, kila karatasi anayoileta anaitundika msumari wa kwanza. Mafundi wakaona, nao wakaanza. Kila mtu kazi yake ni ya damu! Leo Ijumaa nimehesabu karatasi thelathini na moja kwenye msumari wa kwanza, na wa pili hauna kitu. Tumerudi palepale, ila sasa kelele zimeandikwa. Nifanye nini? Nimegombana na Domo, nimegombana na mpokea simu, nimegombana na mtu wa benki ambaye sijawahi hata kumwona sura. Usiku nikifumba macho nasikia simu.

Na kijikazi chako sijakisahau. Nimekiandika kwenye karatasi, "Shangazi, hospitali, nusu siku," nikakitundika msumari wa nne siku ileile, kikafuatia karatasi ya Mpole. Mwezi huu tunafunga mkataba mpya na hoteli. Tukimaliza huo tu, unakuja. Ni kweli haina haraka, sivyo?

Mwanao,
Chapuchapu

6 Aprili

Chapuchapu mwanangu,

Marahaba. Wazima wote hapa. Watoto wa paka wamefumbua macho, wanatembea juu ya kitanda changu kama wamekipanga.

Utaona naandika kwa ile kalamu nene niliyokuwa natilia alama shuka. Zile nyembamba siku hizi wanazitengeneza vibaya, wino haushiki. Ndiyo maana maneno machache na karatasi nyingi. Usihesabu.

Nilisahau kukuambia urefu wa msumari. Wewe umepigilia misumari ya inchi sita, ya kuezekea nyumba! Ung'oe ule wa kwanza. Pigilia mfupi, unaobeba karatasi tatu. Ya nne ikitundikwa, nyingine lazima ianguke. Na anayetundika ndiye anayetundua, mbele ya wenzake, na aseme kwa sauti ni kazi ya nani anaishusha. Mkubwa wako akitaka mlango wake upakwe rangi, mpe nafasi ashushe mwenyewe lifti ya wagonjwa. Utaona mkono wake utakavyokuwa mzito.

Mtu hachagui mpaka nafasi imwishie. Hilo nililijua kwa mapazia.

Kile kijikazi, maliza kwanza mkataba wako. Haina haraka. Ila mwezi huu wa masika barabara ni mbaya, kwa hiyo pengine Mei.

Mwalimu anakusalimu. Ameanza kuja kunisomea gazeti nyumbani kwangu badala ya barazani kwake. Sijui nani alimwalika.

Shangazi yako

19 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo mara mbili. Ungeniona ungecheka! Nimeng'oa msumari mrefu nikapigilia kijimsumari cha fundi viatu. Meneja alishuka Jumatatu na mlango wake. Nikamwambia, "Karibu mkuu, shusha moja." Akazitazama zile tatu: lifti ya wagonjwa, lifti ya shule ya wasioona, na lifti iliyokwama ikiwa na jeneza ndani yake, ndugu wa marehemu wamesimama chini. Akasimama. Akakohoa. Akauliza msumari wa tatu uko wapi. Domo akamwonyesha kwa mikono miwili kama mwenye hoteli. Tangu siku ile mhuri sijauona.

Tunamaliza kazi, Shangazi. Kazi nzima, mwanzo mpaka mwisho, halafu tunanawa mikono. Wiki iliyopita tulimaliza kumi na nne. Na kila asubuhi kabla ya simu tunatoa karatasi moja ya kimya. Tumetia mafuta bawaba zote za karakana, tumebadilisha taa za mashimo ya lifti matatu, tumeandika upya vibao vya swichi ambavyo havisomeki tangu enzi za babu. Mafundi wanaona fahari. Watu wa tawi lingine walikuja kuangalia misumari yetu kana kwamba ni jumba la makumbusho, na mmoja aliuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nimesomea kwenye shuka.

Nina mpokea simu mpya, mtu wa utani, anapokea wenye kelele kwa sauti ya huruma kama anapokea rambirambi. Nimenunua pazia la chumbani, la bluu. Nimeanza hata kupika tena. Jirani wa ghorofa ya tatu ana kinanda anachokipiga vibaya, nami nimeanza kumpenda kwa hilo, maana ni kelele isiyonihusu.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na maneno matatu kwa kila mstari, Shangazi, ukurasa kama bango la barabarani. Domo aliona bahasha akauliza kama shangazi yangu ananifokea. Nunua kalamu ya kawaida, nitakutumia.

Kuhusu Mei, nisamehe. Kazi imenibana kooni, sikupata hata siku moja ya kupumua. Tuseme Julai? Mvua zitakuwa zimekatika, utakaa wiki nzima, utalala kwenye chumba cha pazia la bluu. Karatasi yako ipo, imetundikwa salama.

Nakubusu,
Chapuchapu

10 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hujajibu. Nilituma kalamu sita kwenye bahasha ya kaki, zimefika? Labda ni posta. Labda mvua.

Hapa wote wazima. Niandikie hata mistari minne kama kaka yako.

Chapuchapu

3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijambo, lakini siko sawa, na sitazunguka leo.

Jumanne iliyopita, kwenye jengo la ghorofa saba nyuma ya soko, kamba moja ya lifti ilikatika, nyingine zikateleza, lifti ikaporomoka ghorofa moja na nusu kabla breki ya dharura haijaishika. Ndani alikuwemo mama anayesafisha ofisi za ghorofa ya sita, na ndoo yake. Amevunjika mkono. Hakufa, kila mtu ananiambia hakufa, meneja amesema hivyo mara kumi. Nilikuwa pale walipomtoa. Alikuwa amelowa maji ya sabuni mwili mzima, na aliniuliza mimi kama atafukuzwa kazi kwa kuwa sakafu hakuimaliza.

Niliporudi karakana Mpole alikuwa amekaa peke yake. Alinyanyuka, akaushika mganda wote wa msumari wa nne, akauvuta, akaugeuza, akaniwekea mezani. Karatasi iliyokuwa imegusa ukuta ilikuwa na mwandiko wake mdogo: "12 Machi. Jengo nyuma ya soko. Nyuzi za kamba zimeanza kukatika. Haina haraka, ila isisahauliwe."

Tangu Machi, Shangazi! Tulikuwa tunatoa ya juu. Kila asubuhi, karatasi moja, ya juu, ile iliyotundikwa jana, ile nyepesi. Bawaba. Vibao. Taa. Tunanawa mikono tunajisifu, na ile ya kwanza kabisa iko ukutani inafunikwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ulikuwa ukiniambia hivyo nikiwa mtoto nimetulia sana kwenye chumba cha pili. Kwa nini hukuniambia kwamba karatasi hutolewa chini? Uliniambia urefu wa msumari, ukaniambia chai ya saa nne, hilo hukuniambia. Nimekasirika na wewe. Nimekasirika na mimi zaidi, lakini na wewe pia.

Ya pili kutoka ukutani ilikuwa na mwandiko wangu mwenyewe. Nimeisoma nimesimama. Sitaandika hapa inasema nini, unaijua.

Mbona hujibu? Simu yako nimeipigia siku tatu. Haiiti.

Chapuchapu

14 Julai

Chapuchapu mwanangu,

Marahaba. Hapa naandikiwa na Mwalimu, kwa kuwa mkono wangu wa kulia umevimba, niliubana na mlango wa kabati nikimfukuza paka. Barua zako zote zimefika, na kalamu pia. Nimezigawa.

Pole mwanangu. Pole sana. Nenda kamwangalie yule mama, usitume mtu. Mpelekee kitu mwenyewe na umweleze karatasi ilikaa wapi, asije akadhani ni makosa yake.

Una haki ya kunikasirikia. Kila Ijumaa, baada ya kufunga dirisha, tulikuwa tunaugeuza mganda wa kimya juu chini, ya kwanza inakuwa ya juu. Kila Ijumaa, miaka yote ile. Nilikueleza yote nikaliacha hilo. Nimejiuliza mchana kutwa kwa nini nililiacha, na jibu ninalo lakini si la kuandika kwenye barua.

Wala usihangaike na kijikazi changu. Una mengi sasa. Haina haraka.

Shangazi yako

*

Binti yangu,

Ni Mwalimu huyu. Shangazi yako amekaa mbele yangu, ameshika kikombe, anasubiri nimsomee nilichoandika. Nitamsomea mpaka pale penye "Haina haraka." Haya ya chini hataki niyaandike, amenikataza mara mbili, lakini haoni ninachoandika. Na hilo ndilo jambo lenyewe.

Mkono wake hauna hata mkwaruzo. Jicho la kulia limezimika tangu mwezi wa nne. La kushoto anaona kwa katikati tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Barua zako za Februari na Machi alizisoma mwenyewe dirishani saa sita mchana. Ya Mei nilimsomea mimi, tukafika pale pa Julai, akaniambia, "Basi, nimechoka kusikiliza," akageukia ukutani. Kalamu zako ziko kwenye bahasha, hakugawa hata moja.

Ana msumari jikoni. Jana alipokwenda kuoga niliutoa mganda wake. Juu kuna paa, kuna bawaba ya geti, kuna chanjo ya paka. Ya pili kutoka ukutani, juu ya karatasi moja kuukuu iliyokunjwa, iko karatasi ya zahanati ya Septemba mwaka jana. Imeandikwa: presha ya macho, aonwe hospitali kubwa ndani ya mwezi mmoja, aje na mtu. Mwezi mmoja, binti yangu, na sasa ni kumi. Nilipomwuliza kama yeye hugeuza mganda wake siku za Ijumaa, alinijibu kwamba mganga hajigangi, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nilitaka kumleta mimi mwenyewe. Hakubali. Anasema mtu wake wa kumshika mkono anajulikana.

Ananiuliza mbona kalamu bado inatembea. Namwambia naandika anwani.

18 Julai

SHANGAZI.

NAKUJA JUMATANO.

USIPIKE. FUNGA MKOBA.

YA CHINI KWANZA.

MPOLE ANASHIKA MISUMARI YANGU.

NIMEAMBIWA HUONI KANDO, BASI NIMEANDIKA KATIKATI.

NISAMEHE.

CHAPUCHAPU

9 Oktoba

Chapuchapu mwanangu,

Hujambo? Naandika kwa mkono wangu, na kalamu nene, na Mwalimu hayumo humu ndani, nimemfungia mlango. Mistari ikipanda kama ngazi usicheke.

Basi lilinifikisha salama. Yule uliyemkabidhi aniangalie njiani alikoroma tangu stendi mpaka hapa, mimi ndiye niliyemwamsha. Nyumba ni ileile. Paka wamehama kabati wakaenda kwa Mwalimu, ambako kuna gazeti. Mpe salamu Mpole, na Domo, na yule mama wa ndoo. Nimefurahi kusikia amerudi kazini na kwamba anapanda ngazi. Ningekuwa yeye ningepanda ngazi pia.

Wiki kumi za kwako nimezihesabu kwa sauti ya kile kinanda. Daktari alisema la kulia limekwenda na halirudi, na la kushoto tumelikamata mkiani. Umeniambia nisijilaumu, lakini ulikuwepo alipouliza karatasi ni ya lini, na ulimwona uso. Ningekuja Oktoba ile ningekuwa na mawili. Nayasema haya mara moja, nisiyaseme tena.

Uliniuliza kwa nini sikukuambia, nikajifanya nimelala. Niliogopa. Nilijua kwamba nikienda wataniambia, na nisipokwenda hakuna atakayeniambia. Halafu nilitaka uje bila kuitwa. Nilikuwa nakuandikia "haina haraka" na huku nasikiliza mlango. Miaka thelathini nimewafundisha watu kwamba kazi isiyo na mdomo ndiyo itangulizwe, nikadhani na wewe utanisikia nikiwa sina mdomo. Mkanda wa mashine hauna mdomo, mwanangu, lakini mimi ninao, na mtaa wote unaujua.

Na lile ulilokiri kwangu kwenye benchi la kliniki, kwamba Mei ulikuwa na siku tatu za mapumziko ukazilala, nililijua siku ileile Mwalimu aliponisomea. Mtu aliyebanwa kooni na kazi haandiki kurasa nne na pazia la bluu. Nilikusamehe kabla hajaweka chini ukurasa wa nne. Ndiyo maana nilimwambia aache kusoma, nilitaka nilie mwenyewe.

Dawa natia asubuhi na jioni. Nimepigilia msumari mfupi kando ya kitanda, unaobeba karatasi moja tu. Ijumaa nageuza ule wa jikoni.

Leo ni Ijumaa. Nimeugeuza, na iliyotoka chini ni karatasi niliyoiandika siku ulipoondoka kwenda huko kwenye lifti zako, miaka sita iliyopita, nikaitundika na kuifunika kwa paa na bawaba. Sikukuambia kamwe. Inasema nimemkumbuka mtoto. Hiyo sasa nimeihamishia msumari wa kwanza.

Njoo. Ni haraka.

Shangazi yako